Vistari viwili vya testpmd na machaguo yanayoamua kipimo

Anayeanza kupima kadi za mtandao kwa kutumia DPDK, maktaba inayoziwezesha programu kupitisha pakiti kwa kasi bila kupitia keneli, hukutana na programu ya majaribio ya dpdk-testpmd mapema sana, kwa sababu programu hiyo huja pamoja na maktaba yenyewe na mstari mmoja wa amri unatosha kuifanya ianze kupitisha pakiti. Urahisi huo una gharama yake. Mstari ule mmoja unabeba machaguo mengi ambayo mtumiaji hakuyaandika, na thamani za msingi za machaguo hayo zimewekwa kwa ajili ya kuthibitisha kwamba kadi ni nzima, si kwa ajili ya kudai kwamba kadi, prosesa au kiendeshi fulani kina kasi fulani. Ndiyo maana mtu anaponiletea matokeo ya testpmd na kuniuliza kama ni mazuri, huwa siyatazami kwanza. Naomba anionyeshe amri aliyoitumia, nzima, pamoja na kile kilichotangulia vistari viwili (--) na kile kilichofuata.

Kabla ya kuingia kwenye machaguo yenyewe, ni vizuri kuona kwa nini jambo dogo kwenye mstari wa amri linaweza kugeuza matokeo kabisa. Kwenye kiungo cha gigabiti 10 kwa sekunde, fremu ya baiti 64 haisafiri peke yake: inatanguliwa na baiti 8 za kuiamsha kadi ya upande wa pili na kufuatwa na nafasi tupu yenye urefu wa baiti 12, kwa hiyo kila fremu inakula baiti 84 za waya. Ukigawanya, unapata pakiti 14,880,952 kwa sekunde, yaani nanosekunde 67.2 kwa kila pakiti, na prosesa ya gigahezi 3 katika muda huo ina mizunguko ipatayo 200 tu. Safari moja ya kwenda kwenye kumbukumbu kuu, ikiwa data haimo kwenye kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, inaweza kula sehemu kubwa ya mizunguko hiyo. Kwa fremu za baiti 1518 hali ni tofauti kabisa, kwani kiungo kilekile kinabeba pakiti 812,744 tu kwa sekunde, na karibu mpangilio wowote wa machaguo utaonekana mzuri. Anayetaka kujua ubora wa mpangilio wake apime kwa pakiti ndogo.

Sasa tuone amri ya kawaida:

dpdk-testpmd -l 4-6 -n 4 -a 0000:3b:00.0 -a 0000:3b:00.1 -- -i --nb-cores=2 --forward-mode=mac

Vistari viwili vilivyo katikati, vyenye nafasi pande zote mbili, ndivyo mpaka. Kila kilicho kushoto kwake kinasomwa na EAL, tabaka la DPDK linaloandaa mazingira: viini vya prosesa, kurasa kubwa za kumbukumbu, na orodha ya vifaa vitakavyoguswa. Kila kilicho kulia kinasomwa na testpmd yenyewe. Pande hizi mbili hazishauriani, na baadhi ya herufi zina maana moja upande huu na maana nyingine upande ule. Mfano ulio wazi ni -a. Kushoto, -a hufuatwa na anwani ya PCI na maana yake ni kwamba kifaa hicho kinaruhusiwa kutumika, na visivyotajwa viachwe. Kulia, -a haihitaji kitu chochote baada yake, na maana yake ni kwamba upitishaji uanze mara tu programu inapokuwa tayari. Anayeiweka anwani ya kadi upande wa kulia anakuwa ameagiza mwanzo wa papo hapo, huku anwani ikibaki bila mwenyewe na programu ikigoma.

Hapo pia ndipo maelekezo ya zamani yanapowaangusha wengi. Mradi wa DPDK ulianzia Intel mwaka 2010, ukahamia chini ya Linux Foundation mwaka 2017, na tangu toleo la 16.04 matoleo yake yanaitwa kwa mwaka na mwezi. Katika toleo la 20.11 majina kadhaa ya upande wa EAL yalibadilishwa: -w iliyokuwa ikiorodhesha vifaa vinavyoruhusiwa ikawa -a, na --master-lcore ikawa --main-lcore. Ukinakili amri ya mwaka 2018 na kuiendesha kwenye toleo la leo, usishangae ikikataliwa. Herufi -n ni idadi ya chaneli za kumbukumbu, na sina la kuongeza juu yake.

Chaguo la -l linastahili muda zaidi. Hapa nimetoa viini vitatu: 4, 5 na 6. Cha kwanza kinakuwa kiini kikuu, nacho kazi yake ni kusikiliza amri zinazoandikwa na kuchapisha takwimu, hakipitishi pakiti. Vinavyobaki viwili ndivyo vya kazi. Ukitoa kiini kimoja tu, programu inakoma ikisema kwamba hakuna kiini kilichowekwa kwa ajili ya upitishaji na kukutaka uangalie orodha yako ya viini. Hilo ni kosa jema, kwa sababu linajitangaza. Kosa baya ni lile la kimya: thamani ya msingi ya --nb-cores ni 1. Mtu anatoa viini kumi na sita upande wa kushoto, haandiki --nb-cores upande wa kulia, kisha anaripoti kasi ya viini kumi na sita wakati kiini kimoja ndicho kilichofanya kazi yote.

Hata ukiandika --nb-cores=8, bado si hakika kwamba vinane vitafanya kazi. Testpmd hugawa kazi kwa mikondo, na mkondo mmoja ni foleni moja ya kupokea kwenye poti moja iliyounganishwa na foleni moja ya kutuma kwenye poti nyingine. Poti mbili zenye foleni moja moja zinazaa mikondo miwili, na mikondo miwili haiwezi kugawanywa kwa viini vinane. Viini sita vitakaa bure bila onyo la maana. Kabla ya kupima chochote, andika amri ya show config fwd ndani ya programu, nayo itakujibu kwa mistari kama hii:

io packet forwarding - ports=2 - cores=1 - streams=2 - NUMA support enabled, MP allocation mode: native
Logical Core 5 (socket 0) forwards packets on 2 streams:
  RX P=0/Q=0 (socket 0) -> TX P=1/Q=0 (socket 0) peer=02:00:00:00:00:01
  RX P=1/Q=0 (socket 0) -> TX P=0/Q=0 (socket 0) peer=02:00:00:00:00:00

Haya ni majibu ya amri isiyo na --nb-cores wala --forward-mode. Kiini cha 5 kinahudumia mikondo yote miwili, cha 6 hakitajwi kabisa. Angalia pia neno socket linalorudiwa kwenye kila mstari. Likiwa na namba moja kwa kiini na nyingine kwa poti, maana yake ni kwamba kiini kiko kwenye prosesa moja na kadi imechomekwa kwenye prosesa nyingine, kwa hiyo kila pakiti inavuka daraja lililo kati ya prosesa hizo mbili. Hakuna chaguo la upande wa kulia litakalorekebisha hali hiyo. Ni lazima urudi kushoto na kuchagua viini vilivyo karibu na kadi. Mahali pa kuangalia ni faili iitwayo numa_node ndani ya /sys/bus/pci/devices, chini ya anwani ya kadi husika.

Ili viini vingi vipate kazi unahitaji foleni nyingi, na hapo ndipo --rxq na --txq zinapoingia. Kwa --rxq=4 --txq=4 kwenye poti mbili unapata mikondo minane. Lakini kadi ndiyo inayoamua pakiti ipi iende kwenye foleni ipi, nayo huamua kwa kukokotoa heshi ya sehemu za vichwa vya pakiti, utaratibu unaojulikana kama RSS. Kwa kawaida testpmd hutumia anwani za IP pekee, yaani --rss-ip. Ukitaka namba za poti za UDP ziingie kwenye hesabu, andika --rss-udp. Sasa fikiria jenereta, yaani kifaa au programu inayotengeneza pakiti za kupimia, inayotuma mtiririko mmoja, wenye anwani ileile ya chanzo na ileile ya mwisho kwa kila pakiti. Heshi itakuwa ileile daima, pakiti zote zitaingia foleni moja, na foleni tatu zilizobaki zitakaa tupu. Nimewahi kuona kadi nzuri ikihukumiwa kwa sababu hii, na mwenye jenereta hakuamini mpaka alipoangalia takwimu za kila foleni. Dawa iko upande wa jenereta: abadilishe anwani za chanzo. Kama jenereta yenyewe ni testpmd nyingine iliyo katika modi ya txonly, basi --txonly-multi-flow hufanya kazi hiyo.

Modi ya upitishaji, inayowekwa kwa --forward-mode, ndiyo chaguo linalobadilisha swali lenyewe linaloulizwa. Thamani ya msingi ni io: pakiti inapokelewa poti moja na kutolewa nyingine bila baiti hata moja ya yaliyomo kuguswa na prosesa. Kasi inayopatikana hapo ni ya juu kuliko modi zote, na ni ya uongo kidogo, kwa sababu hakuna kifaa cha kweli cha mtandao kinachopitisha pakiti bila kusoma hata kichwa chake. Kwenye mac, anwani ya MAC ya chanzo inabadilishwa kuwa ya poti inayotuma, na ya mwisho inabadilishwa kuwa ile uliyoitaja kwa --eth-peer. Usipoitaja, testpmd huweka anwani za kubuni zinazoanza na 02:00:00, kama ulivyoona kwenye mistari ile ya juu, na swichi iliyo katikati ya njia inaweza isijue pa kuzipeleka. Kwenye macswap anwani mbili zinabadilishana nafasi, jambo linalofaa pale jenereta inapotaka pakiti zake zirudi kwake. Tofauti ya kasi kati ya io na mac ni gharama ya kuleta kichwa cha pakiti kwenye kashe na kukiandika upya, na mimi huona kipimo cha mac ndicho cha chini kabisa kinachostahili kuitwa kipimo cha upitishaji.

Modi nyingine nitazipitia haraka. Kwenye rxonly pakiti zinapokelewa na kutupwa. Kwenye txonly zinatengenezwa na kutumwa. Flowgen hutengeneza mitiririko mingi. Csum hushughulikia hesabu za kuhakiki na ndiyo ya kutumia unapochunguza kazi zinazohamishiwa kwenye kadi. Icmpecho hujibu ping, na ni njia safi ya kuhakikisha kwamba kebo na anwani ziko sawa kabla ya kitu kingine. Ipo pia noisy, ambayo kwa makusudi husoma na kuandika kumbukumbu ili kuiga programu yenye kazi nyingine pembeni. Watu wachache huitumia, nayo ndiyo inayokaribia zaidi hali halisi ya seva yenye shughuli.

Kuhusu txonly kuna jambo linalowatatiza hata wazoefu. Urefu wa pakiti huwekwa kwa --txpkts, na thamani ya msingi ni 64. Mtu anapima kiungo cha gigabiti 10 akitarajia 14,880,952, anapata takribani milioni 14.2, kisha anaanza kuishuku kadi. Kadi haina hatia. Hizo baiti 64 za testpmd ni urefu wa pakiti ikiwa kwenye kumbukumbu, kabla kadi haijaongeza baiti 4 za kuhakiki mwishoni mwa fremu. Kwenye waya fremu inakuwa ya baiti 68, na pamoja na zile 20 za nyongeza ni 88, ambazo zikigawanywa zinatoa pakiti 14,204,545 kwa sekunde. Kiungo kimejaa kabisa. Andika --txpkts=60, na fremu ya waya itakuwa ya baiti 64 kama jenereta nyingine zinavyohesabu. Jihadhari na tofauti hii kila unapolinganisha testpmd na chombo kingine kama TRex: uliza kwanza kama urefu unaotajwa una baiti zile 4 au hauna.

Machaguo ya kumbukumbu yana sifa ya kutisha, ingawa yanaeleweka ukiangalia kinachochapishwa wakati programu inaanza. Kwa amri ya viini vitatu niliyoionyesha, mstari huu hutokea:

testpmd: create a new mbuf pool <mb_pool_0>: n=163456, size=2176, socket=0

Hiyo ni hifadhi ya bafa 163,456, kila moja ikiwa na baiti 2176 za data, yaani 2048 za pakiti na 128 za nafasi ya mbele inayoachwa kwa ajili ya kuongeza vichwa. Ukizidisha unapata zaidi ya megabaiti 350, na kwenye mashine yenye prosesa mbili hifadhi kama hiyo hutengenezwa kwa kila prosesa. Testpmd haijui utatumia foleni zenye urefu gani, kwa hiyo inakadiria kwa ukarimu: inachukua urefu mkubwa wa foleni ya kupokea, urefu mkubwa wa foleni ya kutuma, kashe ya kila kiini na shehena moja kubwa (shehena ni kundi la pakiti zinazochukuliwa au kutumwa kwa pamoja), kisha inazidisha kwa idadi ya juu kabisa ya poti ambayo maktaba ilijengwa kuihudumia. Kama kurasa kubwa za kumbukumbu ulizotenga hazitoshi, usikimbilie kuongeza kurasa. Weka --total-num-mbufs kwa idadi inayolingana na mahitaji yako. Ila usiibane mno. Foleni zote za kupokea zinajazwa bafa tangu mwanzo, foleni za kutuma hushikilia bafa hadi kadi iziachie, na kila kiini kina akiba yake. Ukishuka chini ya jumla hiyo, kadi itapokea pakiti bila kuwa na mahali pa kuiweka.

Kwa fremu kubwa, --max-pkt-len hupandishwa kutoka 1518. Hapo ama uongeze --mbuf-size ili fremu nzima iingie kwenye bafa moja, ama uwashe --enable-scatter ili igawanywe kwenye bafa kadhaa zilizounganishwa. Njia ya pili ina gharama ya usindikaji, na baadhi ya viendeshi huhamia kwenye msimbo wa polepole zaidi inapowashwa, kwa hiyo usiiwashe katika kipimo cha pakiti ndogo ukidhani kwamba haina madhara.

Urefu wa foleni zenyewe huwekwa kwa --rxd na --txd. Hapa hesabu ya nanosekunde 67.2 inarudi kazini. Foleni ya kupokea yenye nafasi 512, pakiti zikija kwa kasi kamili ya gigabiti 10, inajaa kwa mikrosekunde 34 hivi. Yenye nafasi 2048 inajaa kwa mikrosekunde 138. Kama keneli ya Linux itakikatiza kiini chako kwa mikrosekunde 100 ili ifanye kazi nyingine ndogo, foleni fupi itamwaga pakiti na ndefu itavumilia. Kwa sababu hiyo wengi huongeza --rxd wanapoona pakiti zimepotea, nao hupata nafuu, lakini ugonjwa unabaki pale pale: kiini hakijatengwa vizuri kwenye mpangilio wa kuwasha mfumo. Tena foleni ndefu ina adhabu yake. Bafa nyingi zaidi zinazunguka, eneo la kashe linalohitajika linapanuka, na kama kiini hakimudu mzigo, kila pakiti inasubiri kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuhudumiwa. Mimi huanza na urefu ambao kiendeshi chenyewe kimeuchagua, nikiangalia kwa show rxq info 0 0, na siongezi mpaka nijue ni nini kilichokatiza kiini.

Chaguo la --burst linaeleweka vibaya kuliko yote. Thamani ya msingi ni 32 na ukomo ni 512, na wengi hudhani kwamba testpmd husubiri hadi pakiti 32 zikusanyike ndipo ianze kuzishughulikia. Haisubiri. Inauliza foleni ina nini, inachukua zilizopo hadi kufikia 32, inazipeleka, na kuuliza tena. Pakiti moja ikikutwa peke yake, itapelekwa peke yake. Kwa hiyo kupandisha thamani hiyo hakuongezi ucheleweshaji pale mzigo ulipo mdogo, na kuishusha hadi 1 hakuifanyi programu iwe sikivu zaidi. Kunaongeza tu gharama ya kuita kiendeshi kwa kila pakiti, na kasi inaporomoka.

Mpangilio wa poti huwekwa kwa --port-topology. Modi ya msingi, paired, huunganisha poti 0 na 1, 2 na 3, na kuendelea hivyo. Ikiwa idadi ni witiri, ya mwisho hujiunganisha na nafsi yake na onyo huchapishwa. Kwenye chained kila poti hupeleka kwa inayofuata, na loop hurudisha pakiti poti ileile iliyoingilia.

Asiye na jenereta anaweza kuunganisha poti zake mbili kwa kebo na kutumia --tx-first, ambayo hutuma shehena ya kwanza kisha huanza kupitisha, hivyo pakiti zilezile zinazunguka bila kukoma. Pamoja nayo huwekwa --stats-period=1 ili takwimu zichapishwe kila sekunde, na yote mawili ni ya matumizi yasiyo na -i, chaguo linalofungua modi ya mazungumzo ambamo unaandika amri programu ikiendelea. Ni njia nzuri ya kuona kwamba mambo yanatembea. Kama kipimo, ina kasoro mbili. Kasi inategemea ni pakiti ngapi ziko njiani, na shehena moja kwa kila mkondo huenda isitoshe kujaza kiungo. Ndani ya modi ya mazungumzo unaweza kuandika start tx_first 32 ili zitumwe shehena 32. Na pakiti ikipotea haifidiwi, kwa hiyo kasi inaweza kushuka kidogo kidogo kadiri muda unavyokwenda bila kitu chochote kuharibika. Anayetaka kufuata utaratibu wa RFC 2544, hati ya mwaka 1999 kuhusu upimaji wa vifaa vya mtandao, yenye fremu za urefu wa baiti 64 hadi 1518 na majaribio ya sekunde 60, atafute jenereta halisi na aiache testpmd iwe kifaa kinachopimwa.

Takwimu zenyewe husomwa kwa show port stats all, na kuna safu tatu za hasara ambazo hazipaswi kuchanganywa. RX-missed ikipanda, kadi ilipokea lakini kiini hakikuondoa pakiti kwenye foleni kwa wakati. RX-nombuf ikipanda, bafa zimeisha, na tatizo liko kwenye --total-num-mbufs. TX-dropped, inayoonekana kwenye takwimu za upitishaji unapoandika stop, inahesabu pakiti ambazo testpmd ilishindwa kuziingiza kwenye foleni ya kutuma na ikazitupa. Mara nyingi ni dalili kwamba poti ya kutokea ina kasi ndogo kuliko ya kuingilia, au kiungo chake kimezimika. Usitafute jibu kwenye asilimia ya matumizi ya prosesa. Viini vya upitishaji huonyesha asilimia 100 hata pasipo na pakiti hata moja, kwa kuwa vinauliza foleni bila kupumzika.

Yote haya unaweza kuyajaribu bila kadi maalumu na bila kurasa kubwa za kumbukumbu, kwa kutumia vifaa vya kubuni:

dpdk-testpmd -l 0-1 --no-huge -m 512 --no-pci --vdev=net_null0 --vdev=net_null1 -- --no-mlockall --total-num-mbufs=2048 -i

Kifaa cha net_null hutoa pakiti zisizo na chanzo na kumeza zinazoletwa, kwa hiyo kasi utakayoiona haina maana yoyote kuhusu mtandao. Kinachofaa ni kujifunza amri na kuona show config fwd ikibadilika unapobadilisha machaguo. Ukiendesha testpmd mbili kwenye mashine moja, ipe kila moja --file-prefix yake upande wa kushoto, la sivyo ya pili italalamika kwamba haiwezi kufunga faili ya /var/run/dpdk/rte/config na kuuliza kama kuna mchakato mwingine mkuu unaoendelea.

Ukitumia net_pcap kusoma pakiti kutoka kwenye faili, ongeza --no-flush-rx upande wa kulia. Kabla ya kuanza, testpmd husafisha foleni za kupokea ili masalia ya zamani yasiingie kwenye hesabu, na kwa kadi ya kweli huo ni usafi unaotakiwa. Kwa faili, masalia hayo ndiyo pakiti zako: husomwa na kutupwa kabla upitishaji haujaanza, kisha programu inaripoti sifuri kwa utulivu kabisa.

Mwisho kuna --cmdline-file, inayokwenda pamoja na -i, ambayo husoma amri kutoka kwenye faili kana kwamba zimeandikwa kwa mkono. Ndani yake mimi huweka set fwd mac, set burst, show config fwd na start, kisha faili hiyo inahifadhiwa kwenye folda moja na mstari wa amri wenyewe, namba ya toleo la DPDK, namba ya toleo la programu iliyo ndani ya kadi na maneno yote yaliyochapishwa tangu programu ilipoanza. Anayenitumia matokeo yake namwomba folda kama hiyo, na mara nyingi jibu la swali lake linakuwa kwenye mstari wa tatu au wa nne wa show config fwd.